Duka la leso Langoni: kwanza jina, bei baadaye

Ukitafuta leso (khanga) ya zawadi Lamu, nenda kwa mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, ndani kidogo ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji. Maduka ya leso hapa mjini ni mengi, na rangi utazipata popote. Kwa huyu mzee leso hazipangwi kwa rangi wala kwa bei. Amezikunja jina, yaani ule msemo uliochapwa, likiwa nje, hivyo unasoma rafu nzima umesimama: za mapenzi juu, za mama katikati, za vijembe chini kabisa.

Kabla hajataja bei atakuuliza, "Unampa nani, mwanangu?" Mjibu kweli. Nikiwa pale aliingia binti anayemtafutia mavyaa wake leso ya Idi. Akaipenda moja ya zambarau, mji wake, ile sehemu ya katikati, una korosho kubwa kubwa, nzuri hasa. Jina: Hasidi hana sababu. Mzee akaichukua mkononi mwake, akairudisha rafuni. "Hii mavyaa hapewi. Atauliza hasidi ni nani." Akamshushia nyingine, Wema hauozi, rangi yake imepoa kidogo. Binti alisitasita, akaitazama tena ile ya zambarau, kisha akasema, "Haya ami, nifungie hiyo." Wauzaji wengi wangepokea pesa wakanyamaza. Huyu alikuwa tayari kukosa mauzo kuliko kutia fitina nyumba ya watu, na kwa hilo tu namsifu.

Mimi nilimchukulia dada yangu Maji ya kifuu bahari ya chungu. Amefungua kibanda cha mahamri kwa mtaji mdogo, na wapo wanaomcheka. Alipolisoma lile jina alijifunga leso pale pale, akarudi kwenye karai lake. Nyekundu yenye Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika nimejinunulia mwenyewe, na mume wangu ameshaisoma. Fadhila ya punda ni mateke niliishika nikaiacha. Katika mji wenye punda kila kichochoro, kila mtu ataielewa, na ni kali mno kuivaa mbele ya jamaa.

Zipo pia mpya zenye pongezi tupu, Hongera mama na za namna hiyo. Nazipita. Leso nataka inisemee jambo ambalo mdomo wangu unaona haya kulitamka, na ndiyo maana mabibi zetu walizitunza sandukuni mpaka zikachujuka.

Kitambaa chake kizuri. Nyingi ni pamba, na zina ile chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya duka la Biashara Street, Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Geuza nyuma utazame kama rangi imepenya. Kuna nyepesi zisizo za pamba alizozichanganya humo humo, bei yake chini, lakini hazinyonyi jasho na kwa joto letu ni mateso. Ningependa aziweke kando. Ukimuuliza, hata hivyo, hakufichi.

Ndani mna giza. Peleka leso mlangoni, uifungue jozi nzima, usome majina yote mawili. Moja yangu jina lilichapwa mshazari hadi likapanda pindo. Alinibadilishia bila neno. Kupinda hapindi, kwa hiyo zikiwa bado zimeungana utazipeleka kwa fundi azikate na kuzipinda. Mara ya kwanza kuifua leso, ifue peke yake kwa maji ya chumvi, hasa nyekundu.

Nimelipa shilingi 700 kwa jozi ya pamba, na M-Pesa anapokea. Adhuhuri hufunga. Baada ya alasiri utamkuta barazani, na hapo ndipo ana wasaa wa kukushushia zile za rafu ya juu moja moja.