Miezi minane na jiko la kioo: linapika vizuri, vitufe vyake ndiyo kesi

Jumapili ya kwanza nililitumia kupika wali wa nazi. Tui likapanda, nikageuka kuchukua mwiko, kurudi nakuta limeshafurika na kuteremka mpaka kwenye vitufe. Jiko likaanza kulia pii, pii, pii, namba za wati zinapanda zenyewe, 1200, 1600, 2000, halafu likajizima. Nikapitisha kitambaa kibichi haraka haraka, nikagusa pa kuwashia. Kimya. Wali ule ulimaliziwa kwenye mkaa huku wageni wamekaa sebuleni wanasikia harufu tu.

Ni la umeme, nililinunua Kariakoo kwa shilingi 85,000, la infraredi, yaani linalopasha sufuria kwa mnururisho wa joto kutoka chini ya kioo, wati 2000. La indaksheni nililikwepa kwa sababu sufuria zangu karibu zote ni za alumini, na lile linataka sufuria inayonasa sumaku. Infraredi haichagui. Kwa mapishi yenyewe sina neno: moto unashika upesi, sufuria haziingii masizi, na hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni nyepesi, nusu saa kwenye moto wa juu kabisa ni yuniti moja. Kioo kinabaki cha moto muda mrefu baada ya kuzima, kwa hiyo mwenye watoto awe macho.

Sasa vitufe. Kwanza si vitufe, ni michoro kwenye kioo. Hakuna kinachobonyea. Mwezi wa tatu alikuja shangazi yangu kutoka Tanga, nikamwachia jiko niende dukani. Narudi namkuta anagonga ile alama ya kuwashia kwa ukucha, kok kok kok, kama anabisha hodi. "Mwanangu, hili jiko lako linabagua watu," akaniambia. Nikamwonyesha: weka nyama ya kidole, usitumie ukucha. Akaweka, wapi! Vidole vyake vimekauka kwa miaka ya kupura na kufua. Akakitazama kidole, akakilamba, akagusa tena. Pii. Likawaka. Tangu siku hiyo akitaka chai analamba kidole kwanza kama anayehesabu noti.

Niliielewa sababu siku nilipolipeleka kwa fundi, maana ile alama ya kupunguza moto ilikuwa imekufa kabisa. Akafungua skrubu chini, akalifunua. Nilitegemea kuona mambo makubwa. Nyuma ya kila alama kuna springi ndogo ya chuma, ndogo kuliko ya kalamu, imesimama na kugusa kioo kwa ndani. Basi. "Dada, kila springi hapa ni nusu ya kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme," akasema, "nusu nyingine ni kidole chako." Chipu inapeleka umeme kiduchu sana kwenye springi na kupima, tena na tena, chaji inayokaa pale ni kiasi gani. Kidole kina maji na chumvi, kinapitisha umeme, kwa hiyo kikisogea karibu kipimo kinapanda. Kikivuka kiwango fulani, chipu inasema huyu ni mtu, pii. Ukucha haupitishi umeme, ndiyo maana jiko halikumwona shangazi. Tulijaribu palepale: mwiko wa mbao mkavu, hamna kitu, mgongo wa kijiko cha chuma nilichokishika mkononi, likaitika.

Hapo ndipo nikalielewa tui langu. Lina maji, lina chumvi, limetandaa juu ya alama nne kwa pamoja. Kwa jiko ule ulikuwa mkono mzima wa mtu. Kujizima kwake kumbe ilikuwa busara. Jambo la pili ambalo kijikaratasi cha maelezo hakikuniambia ni kwamba jiko likichomekwa, linapima kwanza hali ya kioo ilivyo na kuifanya ndiyo hali ya kawaida. Ukilichomeka kioo kikiwa kimelowa, linayachukulia yale maji kuwa sehemu ya kioo, na baadaye kidole chako hakihesabiki vizuri. Dawa yake: chomoa, futa kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kilie, subiri kidogo, chomeka tena. Kwangu inafanya kazi mara tisa kati ya kumi.

Ile alama iliyokufa? Springi yake ilikuwa imelala ubavu, haigusi tena kioo, na pembeni kuna mavi ya mende. Shilingi 7,000, dakika ishirini.

Simu yako kama imewahi kujibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaja ya bei ya kutupa, ni ugonjwa wa ukoo huohuo: umeme mchafu wa chaja unavuruga kipimo. (Ile ya simu kuzima kioo ukiiweka sikioni ni habari nyingine, nyingi zinamulika shavu kwa mwanga wa infraredi.) Wazo la kugusa kioo namna hii si jipya. Mwingereza E. A. Johnson aliliandika mwaka 1965, na waliolengwa ni waongoza ndege. Waongoza ndege hawapiki tui.

Paka wa jirani alinimalizia ubishi. Alirukia mezani usiku, nikasikia pii kutoka jikoni. Hakuliwasha, ila unyayo wa paka kwa springi ni kidole tu. Sasa nikimaliza kupika nazima swichi ya ukutani, kila mara.

Nalipatia nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za moto wake. Ukienda kununua, uliza kwanza kama kuna lenye swichi ya kuzungusha. Yapo, ila wauzaji wanayaficha nyuma kwa sababu haya ya kugusa ndiyo yanayong'aa. Ukiamua kuchukua la kugusa, omba lichomekwe, lowesha kidole, dondosha matone mawili juu ya alama, uone litafanya nini. Mimi nilipokwenda kumchagulia shangazi lake, muuzaji aliona naelekeza chupa ya maji kwenye kioo, akaniwahi: "Aah, dada, usilimwagie!" Nikamuuliza, jikoni kwake wanapika bila maji?