Audacity mezani mwa mhariri: inafaa kiasi gani kukagua sauti ya mwanasiasa iliyovuja?

Klipu ya sekunde 40 inaingia saa tatu usiku. Sauti ni ya waziri, au ndivyo wanavyodai walioisambaza, akiteta na mtu faraghani. Magrupu ya WhatsApp yameshaisikia na gazeti la kesho halijafungwa. Hapo wengi hufungua Audacity, programu ya kuhariri sauti: ni ya bure, haibagui kompyuta kuukuu, na ipo ya Windows, Mac na Linux (ya simu hakuna). Kwa kitu cha bure, inatafuta mikato vizuri mno. Kwa kuthibitisha nani kaongea haifai, na mhariri anayeandika “tumejiridhisha” kwa kuitegemea peke yake anajichimbia shimo.

Kazi huanza kabla ya kuifungua. Omba faili kwa mtu aliyeipokea mapema kuliko wote, na asiirekodi upya kwa simu nyingine. Kwenye Android jina lenyewe linasema kitu: PTT ni ujumbe uliorekodiwa ndani ya WhatsApp, AUD ni faili iliyoambatishwa kutoka kwingine. Tarehe iliyo kwenye jina ni ya siku faili ilipofika kwenye simu hiyo, si siku maneno yalipotamkwa. Wengi huteleza hapo. Kwenye Windows andika certutil -hashfile sauti.opus SHA256, tunza tarakimu na herufi zinazotoka (ni kama alama ya kidole ya faili, hubadilika faili ikiguswa), kisha fanyia kazi nakala tu. Mwanasheria wa mheshimiwa akidai mmeichezea faili, mtakuwa na cha kumwonyesha.

Audacity ikigoma kufungua .opus, aina ya faili za sauti za WhatsApp, iongezee FFmpeg, nyongeza ya bure ya kusoma aina nyingi za faili. Ikishafunguka, usibaki kwenye mawimbi ya kawaida. Fungua menyu ya wimbo (track) upande wa kushoto uchague Spectrogram, picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu kadiri muda unavyokwenda. Kwenye mipangilio yake weka Window size 512 ukitafuta mkasi ulipopita, maana dirisha dogo huonyesha vizuri kingo za muda. Weka 8192 ukifuatilia mvumo wa umeme wa 50 Hz. Mvumo huo, au mlio wa feni, ukiruka ghafla katikati ya maneno, weka alama kwa Ctrl+B.

Usishangilie mapema. Simu nyingi huzima kelele za nyuma mtu akinyamaza, na kimya hicho hufanana sana na mkato. WhatsApp nayo tangu 2022 inaruhusu kusitisha kurekodi kisha kuendelea, hivyo ujumbe halali kabisa unaweza kuwa na mshono katikati. Na kila faili inapobanwa upya, mikato ya kweli hufifia. Mshono unakupa swali la kuuliza, basi.

Kwa Kiswahili hatari kubwa hujificha kwenye silabi moja. “Hatutawapa” ikiondolewa “ha” inabaki “tutawapa”, sentensi safi isiyo na kovu, na kilichokatwa hakifiki hata nusu sekunde. Kagua mwanzo wa kila kitenzi kinachobeba habari, hasa kama sentensi inaanzia pale pale klipu inapoanzia. “Nitamwondoa” na “sitamwondoa” ni balaa jingine: nguvu kubwa ya s iko juu, kuanzia kama 4,000 Hz, na laini ya kawaida ya simu hukata kilicho juu ya 3,400 Hz. Sikio hujaza pengo kwa kile linachotarajia. Kwenye spektogramu, n huacha utepe upande wa chini. S huacha chini patupu. Kuza kwa Ctrl+1 uutafute utepe huo kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Noise Reduction, kipunguza kelele cha Audacity, itumie kusikilizia, usiitumie kwa sauti ya kurusha. Ikizidishwa hula konsonanti. Waandishi wawili ambao hawajasoma manukuu ya mitandaoni wasikilize kila mmoja peke yake na waandike. Wakitofautiana neno, halinukuliwi.

Inapoishia ni kwenye sauti za akili mnemba. Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi wa 30 Septemba 2023, ilisambaa sauti ya kiongozi wa chama Michal Šimečka eti akipanga na mwanahabari kuiba kura. Ilikuwa ya bandia. Faili ya namna hiyo haina mshono kwa sababu haikushonwa, ilifumwa nzima. Hapo unarudi kwenye kazi ya miguu: nani alirekodi, wapi, nani mwingine alikuwepo, na kwa nini inatoka leo.

Tanzania, Julai 2019, zilipovuja sauti za simu zilizohusishwa na vigogo wa chama tawala, CCM, mmoja wa waliotajwa, mbunge Nape Nnauye, alikwenda Ikulu Septemba kumwomba radhi Rais Magufuli. Ubishi wa hii ni sauti ya nani ukapoa. Lakini nani alinasa simu za watu, wakati ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi? Swali hilo lilikuwa zito kuliko umbea uliokuwemo, na hakuna programu ya kulijibu.

Kwa uchapishaji wenyewe, jarida la Mother Jones la Marekani ni kipimo kizuri. Septemba 2012 ilitoa video ya mgombea urais Mitt Romney akiwaambia wafadhili kwamba asilimia 47 ya Wamarekani wanaitegemea serikali, kisha ikaweka rekodi nzima. Ilipobainika kuna pengo la dakika moja hadi mbili, ililikiri waziwazi. Wapinzani walilipigia kelele, ila Romney hakuyakana maneno.

Jambo la mwisho ni usalama wa chanzo. Kampuni ya Muse Group iliinunua Audacity 2021, na sera yake ya faragha ya mwaka huo ilizua zogo hadi ikaandikwa upya. Zima ukaguzi wa masasisho na ripoti za hitilafu kwenye Preferences, au tumia kompyuta isiyo na intaneti kabisa. Na usimtumie mtu mradi wa .aup3, faili ya kazi ya Audacity: tangu toleo la 3.1, kuvuta ukingo wa klipu huficha sauti tu, hakuifuti. Kama ulificha sauti ya aliyerekodi, anayeupokea akiuvuta tena ukingo huo ataisikia.