Kliniki ya meno Ntinda: leseni iko ukutani

Kliniki hii iko Ntinda, mtaa wa Kampala, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilimpeleka mama yangu kuziba jino la nyuma. Kilichonifurahisha kwanza ni leseni ya mwaka huu, ya kliniki na ya daktari mwenyewe, kila moja kwenye fremu. Kwetu Uganda Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno ndilo linalotoa leseni hizo kila mwaka, kwa hiyo ulizeni mkiona karatasi ya zamani. Daktari alimwita "mama" na kumweleza kila hatua kwa Kiswahili. Ganzi ilishika kabla hajaanza kuchimba. Bei tuliambiwa mapema, na risiti tukapewa. Foleni tu ndiyo ndefu, hasa Jumamosi.

Leseni ni muhimu, lakini anayeitoa naye anahitaji kuangaliwa. Kule North Carolina, Marekani, bodi ya meno iliyojaa madaktari wa meno iliwaandikia barua watu wasio madaktari waliokuwa wakisafisha meno yawe meupe, ikiwaamuru waache. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba bodi inayoongozwa na wenye biashara hiyohiyo haina kinga dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa serikali ya jimbo iisimamie kwa vitendo. Nakubaliana na mahakama kabisa: mgonjwa alindwe, si soko la daktari.

Mama anatafuna vizuri. Nendeni asubuhi, siku za kazi.