Uzoefu wangu: picha za makanisa ya milimani, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Catalunya

Wengi wakifika Barcelona huenda kanisa la Sagrada Família, wakapiga picha, basi. Kama wewe ni mtu wa kanisa, au unapenda tu kazi za mafundi wa kale, panda na kilima cha Montjuïc. Shukia stesheni ya Espanya. Ngazi za umeme zitakufikisha karibu na mlango wa makumbusho.

Moja kwa moja nilienda kwenye picha za ukutani zilizotolewa makanisa madogo ya milima ya Pirenei. Wamejenga upya kuta zilizopinda kama zile za nyuma ya altare, kwa hiyo unasimama mbele ya Kristo wa Sant Climent de Taüll kama waumini wa 1123, mwaka kanisa hilo lilipotabarukiwa. Anakukazia macho kutoka juu, na kitabu chake kinasema kwa Kilatini kwamba yeye ni nuru ya ulimwengu. Lakini aliyenishika zaidi ni Lazaro: maskini ameketi mlangoni na gongo lake, mbwa anamlamba vidonda. Injili hiyo nimeisikia tangu utotoni, ila siku hiyo ndipo nilipomwonea huruma hasa.

Zilifikaje hapa? Kati ya 1919 na 1923 mafundi wa Kiitaliano walizibandika vitambaa kwa gundi. Gundi ikikauka, wanavuta, na rangi inabanduka na kitambaa. Walifanya haraka, na sababu ilikuwepo: wafanyabiashara walishaanza kuzinunua, na zile za Santa Maria de Mur ziko Boston hadi leo. Wapo wanaosema picha ya kanisa ibaki kanisani. Nawaelewa, ingekuwa parokia yangu, ningelia. Hata hivyo naona waliookoa hizi walifanya vema, maana wenyewe wa bonde la Boí, ambako Taüll ipo, bado wanaweza kuzifikia. Kanisani Taüll kwenyewe, siku hizi picha ile inarushwa kwa mwanga kwenye ukuta wake wa asili.

Usipite bila kuuona msalaba wa Majestat Batlló, wa karne ya 12. Kristo amevaa vazi refu kama kanzu, lenye nakshi nyekundu na buluu, na mshipi kiunoni.

Jumatatu wanafunga. Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri kiingilio ni bure, ila ukiweza lipia: tiketi moja inakuingiza siku mbili, na siku moja haitoshi.