Riwaya tatu za vijana nilizosomea kwenye cherehani, Mwanga, Kigoma

Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu liko Mwanga, na kuanzia katikati ya Desemba mpaka Februari sina kazi nyingine ila sare za shule. Marinda, kola, marinda, kola. Niliishia darasa la saba. Vitabu hivi vimeingia nyumbani kwa ajili ya binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu na anaishi kwangu. Umeme ukikatika usiku, yeye husoma kwa sauti akimulika na simu, mimi nashona vifungo kwa mkono. Kwa hiyo nilivisikia kwanza, halafu nikavisoma mwenyewe alipoviacha mezani akaenda shule.

Tulivipata kwenye meza moja ya vitabu vya mitumba karibu na soko. Kijana mwenye meza anauza na kukodisha pia: mia tano kwa siku tatu, na unaacha kitu cha rehani. Mara ya kwanza niliacha mkasi wangu mdogo. Siku tatu nilikata nyuzi kwa meno.

Nianze na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, maana ndiyo iliyonikalia vibaya. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada. Baba yao, Mzee Lomolomo, ni mtu wa pombe. Mama anauza chakula, na jasho lake lote linaishia kwenye sufuria. Mwalimu Chikoya hataki kusikia habari za nyumbani kwa mtoto, anataka aone sare. Watoto wanaangukia mtaani, kwenye majalala ya Dar es Salaam, na huko wanakutana na waliotangulia.

Sasa, kwenye kamba yangu hapa barazani inaning'inia sketi ya bluu, kiuno inchi 22, marinda nimeshayapiga pasi. Mwenyewe alilipa elfu tano ya kutangulizia na hajarudi. Mama yake anaanika dagaa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, na dagaa wana mambo yao: mbalamwezi ikitoka hakuna kitu, Ziwa Tanganyika likifungwa uvuvi kama lilivyofungwa mwaka 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ndiyo kabisa. Mara mbili nimemwona yule mama akikaribia hapa, akavuka barabara akapita upande wa pili. Binti aliposoma pale Chikoya anapowatimua wale watoto, mimi nilikuwa nimekaa chini ya ile sketi. Sikupenda nilipojikuta kwenye hadithi.

Binti akadakia, "Lakini mama mdogo, siku hizi ada hakuna." Ni kweli, serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne tangu 2016. Waraka haukushona sketi, lakini. Kitambaa nilinunua kwa mkopo, na uzi wa ovaloki haupungui bei kwa sababu nimesikia huruma. Mbogo anajua hili. Kwake umaskini una bei, unaweza kuuhesabu kwa sarafu zilizo mkononi mwa mama, na ndiyo maana kitabu chembamba namna ile kina uzito.

Kasoro yake ni mwendo. Mabaya yanafuatana kama mabehewa. Hujamaliza kulia hili, lingine limefika. Yanapoingia mambo ya dawa za kulevya nilianza kusikia sauti ya mtu amesimama mbele ya ubao. Nilitaka abaki kidogo zaidi na wale watoto wakiwa wanacheka, kwa sababu wanacheka, na kurasa hizo ni tamu kuliko zote.

Takadini ya Ben Hanson sikutarajia kuipenda. Nilisikia ni habari za Washona wa zamani huko Zimbabwe, nikasema hayo ni ya mbali. Sekai amekaa miaka bila mtoto, na anapojaliwa, mtoto, Takadini, anazaliwa na ualbino. Mila inasema mtoto huyo asiishi. Mama anambeba mgongoni usiku na kuondoka. Hajatoa hotuba yoyote, anatembea tu, na mimi nikaacha vifungo nikawa nasikiliza miguu yake.

Hadithi ya mbali? Sisi wa mikoa hii na wenzetu wa Kanda ya Ziwa tunakumbuka miaka ya 2007 na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na watoto wakakimbiziwa Kabanga, Kasulu, shule ikawa ndiyo ukuta wao. Nimewahi kumshonea mtoto mmoja mwenye ualbino shati la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Mama yake hakuuliza rangi wala mtindo. Aliuliza, "Fundi, kola itafunika shingo yote?" Akapima mwenyewe kwa vidole, mara tatu. Tangu nisome habari za Sekai vile vidole vimenirudia.

Kizuri zaidi humo ni mzee Chivero, mpiga mbira, ile ala ya kupigwa kwa vidole, anayewapokea na kumfundisha kijana kupiga. Anampa mtoto kazi ya mikono, na kijiji kinaanza kumtazama kwa jicho jingine pale anapoweza kitu. Mimi mtu wa ufundi hilo limenikaa. Ila kwa muda mrefu kitabu ni cha mama kuliko cha mtoto. Nilitamani kuingia mapema kichwani mwa Takadini mwenyewe.

Na hapa nina ugomvi na yule kijana wa vitabu. Nakala aliyonipa ilikuwa ya fotokopi, na kutoka ukurasa wa 60 iliruka hadi 77. Kurasa kumi na sita! Tukakaa gizani tunabuni wenyewe kilichotokea. Nilipomrudishia akasema, "Wengi hawajalalamika, mama." Pengine wengi hawakufika huko. Alinirudishia mia tano yangu bila maneno, hilo nampa.

Cha tatu, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, yule kijana wa vitabu aliniuliza kwanza: "Ni ya kwako au ya mtoto?" Nikasema ya kwangu, nikaisoma peke yangu wiki nzima. Ilitoka mwaka 1971 na wakati fulani ilipigwa marufuku mashuleni. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali, anampiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana analelewa kwa woga mtupu kule Ukerewe, kisha anafika mahali ambapo mwenye kiboko hayupo. Hiyo ndiyo riwaya yote, na kwa kalamu ni kubwa kuliko zile mbili. Kezilahabi hamfichi mtu. Pia hamwonei huruma Rosa kwa kiasi nilichotaka: wanaume wanapita, yeye ndiye anabaki kulipa.

Dada yangu akijua atanisema, lakini nilimpa binti. Ana miaka kumi na sita, na wenzake wawili darasani wameshaacha shule. Aliisoma kimya, hii hakuisoma kwa sauti. Baada ya siku nne akasema jambo moja tu, akiwa anaparua migebuka kwa ajili ya chakula cha jioni: "Mama mdogo, hakuna hata mmoja aliyemkalisha Rosa akamuuliza." Kisha akaomba chumvi. Tukaongea mpaka samaki wakaungua upande mmoja, na mengine tuliyoongea si ya kuandika hapa.

Kwa mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili, mpe Mbogo, haimchoshi. Takadini ni ya nyumba nzima, hata bibi atasikiliza. Rosa isome wewe kwanza, halafu uwe karibu.

Meza ya yule kijana naitumia bado, maana ananiamini na mkasi siachi tena. Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijaingia upande wake, na hesabu kurasa hapo hapo kabla hujatoa pesa. Ameniahidi Takadini kamili kutoka Dar. Ile sketi nimeishusha kwenye kamba, nimeikunja. Jumapili nitakuwa Kibirizi kununua dagaa.