Kuunda kompyuta mpya yenye kasi bila kuvitupa vifaa vya zamani: njia tano, kuanzia iliyo bora

Mtu anayeunda kompyuta mpya huku akiwa na printa ya nukta, skana, mashine ya kukata vibandiko au kadi ya sauti ambayo bado ni nzima, mara nyingi huanza kwa kuchagua prosesa, na hapo ndipo anapokosea. Prosesa yoyote ya leo ina kasi ya kutosha na kusaza kwa kifaa cha zamani. Linaloamua ni kiendeshi, yaani ile programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na kifaa. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 pekee, nayo haipokei viendeshi vya biti 32 wala haifungui programu za biti 16, kwa hiyo kadi inaweza kukaa katika tundu linaloifaa kabisa na isitambulike. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha yoyote, andika orodha ya vifaa vyako, na mbele ya kila kimoja uandike aina ya tundu lake, kama kiendeshi chake cha biti 64 kipo, na programu inayokitumia. Jaribu pia kukiunganisha na Linux ukiweza, kwa sababu skana na printa nyingi zilizokosa kiendeshi kwingine bado hufanya kazi huko.

Njia ninayoiweka ya kwanza kwa watu wengi ni ubao mama mpya wa kawaida, uliochaguliwa kwa kuangalia matundu yake, kisha kuongezewa kadi za PCIe, yaani za tundu la kisasa la kadi za ziada. Tafuta ubao wenye nafasi tatu au zaidi za PCIe ambazo hazitafunikwa na kadi nene ya michoro, tundu la PS/2 (la duara, la kibodi na kipanya vya zamani) nyuma, na safu ya pini iliyoandikwa COM, ambayo ni ya poti ya siriali ya vifaa vya zamani. Kitabu cha maelezo ya ubao hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, nao mchoro ulio katika kurasa zake za mwanzo utakuonyesha mambo hayo yote kwa dakika chache. Ubao wa AM5, tundu la prosesa za AMD, hupokea RAM ya DDR5 peke yake, ilhali katika familia ya LGA1700, tundu la prosesa za Intel, zipo mbao za DDR4 na za DDR5. Aliye na DDR4 nzuri mkononi ana sababu ya kuitazama LGA1700, au AM4 iliyoitangulia AM5, kwanza, na fedha iliyobaki aipeleke kwenye SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi kubwa isiyo na sehemu inayozunguka, ambayo ndiyo atakayoihisi kila siku. Kadi ya zamani ya PCIe huingia katika tundu jipya bila tatizo, na diski za zamani za SATA hufanya kazi vilevile.

Ile safu ya COM inahitaji uangalifu kidogo. Ina nafasi kumi, moja ikiwa haina pini, nayo hutolewa nje ya kasha kwa kebo fupi yenye plagi ya pini tisa. Kebo hizo zimeunganishwa ndani kwa mipangilio miwili tofauti, ingawa kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ukiweka isiyo yake kifaa hakitajibu lolote. Linganisha pini kwa pini na mchoro wa ubao ukitumia mita ya umeme. Kazi hiyo ni ya dakika tano tu, nayo itakuepusha kuilaumu mashine isiyo na kosa.

Kwa poti sambamba, lile tundu pana la printa za zamani, kadi ya PCIe ni nzuri kwa printa, lakini ina kikwazo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji. Programu nyingi za zamani huandika moja kwa moja kwenye anwani 378, iliyokuwa ya poti ya kwanza ya ubao, na kadi mpya kwa kawaida hupewa anwani nyingine. Programu inayokuruhusu kubadilisha anwani itakubali. Isiyoruhusu haitaiona poti hata kidogo. Ufunguo wa leseni unaochomekwa kwenye poti hiyo hukumbwa na tatizo hilohilo.

Njia ya pili, ambayo kwa mwenye kifaa kisicho na kiendeshi cha biti 64 ni ya kwanza, ni kuwa na kompyuta mbili: mpya kwa kazi zote, na ya zamani iliyobaki na kifaa chake pamoja na mfumo wake. Mafaili huhamishwa kwa mtandao wa ndani. Windows XP iliacha kupata masahihisho ya usalama Aprili 2014, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta hiyo isiruhusiwe kufika kwenye intaneti. Wengi huidharau njia hii kwa kuwa haina fahari ya kompyuta moja inayofanya yote, lakini mimi naiheshimu sana. Nunua betri mpya ya ubao wake, na utengeneze nakala kamili ya diski yake leo, kabla diski yenyewe haijaanza kugonga.

Ya tatu ni kuendelea kutumia kadi za PCI zenyewe, ule mfumo wa mwaka 1992 uliotangulia PCIe. Intel iliuondoa katika chipu zake za mfululizo wa 8 mwaka 2013, na tangu hapo ubao wenye tundu hilo hutumia chipu ya daraja inayobadilisha PCIe kuwa PCI. Adapta inayouzwa peke yake hufanya kazi hiyohiyo. Kadi za mtandao na za siriali huvumilia daraja vizuri, lakini kadi za sauti na za kurekodi video hazitabiriki, kwani zinahitaji data ifike kwa wakati wake. Tazama pia mkato kwenye ukingo wa kadi: yenye mikato miwili huingia katika tundu la volti 5 na la volti 3.3, yenye mmoja huingia katika aina moja tu, nayo isilazimishwe. Kadi za SCSI, za kuunganisha diski na skana za zamani, zina jambo la ziada: Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingeachana na BIOS ya kizamani, ile programu ya ubao inayoiwasha kompyuta, kufikia 2020, kwa hiyo usitegemee kuwasha kompyuta mpya kutoka diski iliyounganishwa na kadi ya namna hiyo.

Adapta za USB ninaziweka nafasi ya nne, ingawa ndizo zinazonunuliwa kwanza. Za diski za IDE (zilizotangulia SATA) na za disketi za inchi 3.5 ni za kuaminika, nazo hazihitaji maneno mengi. Za poti sambamba hufaa printa pekee. Za siriali hutegemea chipu iliyo ndani na idadi ya nyaya zilizounganishwa. Niliwahi kuunganisha mashine ya kukata vibandiko kwa adapta ya bei nafuu. Herufi tatu za mwanzo zilikatwa safi kabisa, kisha kisu kikaruka kwa mshazari hadi upande wa pili wa karatasi na kuichana. Adapta ilikuwa na nyaya tatu tu zinazofanya kazi, kwa hiyo mashine haikuwa na njia ya kuiambia kompyuta isubiri, na amri zilizofika wakati hifadhi yake imejaa zilipotea. Nunua yenye chipu ya FTDI na laini zote za RS-232 (kiwango cha poti ya siriali), zikiwemo RTS na CTS zinazobeba ishara ya kusubiri.

Ya mwisho ni mbao za viwandani, ambazo baadhi yake bado zina tundu la ISA, lililotangulia PCI. Ni ghali, na mara nyingi prosesa zake ziko vizazi kadhaa nyuma, hivyo lengo la kasi hupotea. Zinafaa pale tu ambapo kadi ya ISA inaongoza mashine ambayo gharama ya kuibadilisha ni kubwa kuliko kompyuta nyingi kwa pamoja.

Vipuri vikifika, viunganishe juu ya meza kabla ya kuvifunga ndani ya kasha, na kifaa cha zamani ndicho kijaribiwe kwanza, kwa kazi halisi ya saa nzima, wakati muda wa kurudisha ubao dukani haujaisha.