Vidonge vya "kuamsha kinga ya ubongo": nyota moja, na hiyo ni ya bodaboda

Nyota hiyo naanza kuigawa mapema ili nisionekane mchoyo. Mzigo ulipakiwa kwenye basi la asubuhi Dar, na magharibi kijana wa bodaboda alikuwa mlangoni kwetu Chumbageni, Tanga, makopo mawili mazima, hata kona ya boksi haijabonyea. Vidonge vyenyewe sivipi kitu.

Mgonjwa ni mdogo wangu, mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, ule ambao madaktari huuita ALS. Neva zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo. Mikono ilitangulia, sasa ni ulimi na koo. Mwanawe aliona tangazo, akatuma 85,000 kwa kila kopo. "Shangazi, wanasema inaamsha kinga ya ubongo," akaniambia. Nimefundisha baiolojia hadi kustaafu, kwa hiyo lebo naisoma kabla sijafungua kifuniko. Ndani mna manjano, mlonge na vitamini. Jikoni kwangu vyote vipo, isipokuwa hiyo bei.

La kwanza ni ukubwa. Kapsuli ni nene kama kokwa ya tende, na zinauzwa kwa mtu ambaye hata maji matupu yanampalia. Tukafungua moja, tukakoroga unga wake kwenye uji mzito. Akakunja uso, akakohoa, kisha akanionyesha kwa macho, herufi moja moja kwenye ubao wake: C-H-U-N-G-U. Akili yake ni nzima kabisa.

La pili ndilo kubwa zaidi. Kinga ya ubongo wanayotaka kuiamsha ina wenyewe: seli ziitwazo mikroglia, alizozieleza Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Kazi yake ni ulinzi na usafi. Hula mabaki ya seli zilizokufa na kukabili vijidudu. Katika ugonjwa huu hazijalala hata kidogo. Mwanzoni zinaonekana kuzilinda neva, halafu ugonjwa ukikomaa zinageuka na kumwaga kemikali za uvimbe zinazoziumiza neva hizo hizo. Mwaka 2006 watafiti walichukua panya wenye jeni mbovu ya SOD1, moja ya jeni zinazoleta ALS ya kurithi, wakaipunguza jeni hiyo ndani ya mikroglia na jamaa zake wa kwenye damu. Ugonjwa ulianza wakati ule ule, lakini ukaenda polepole zaidi na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Maana yake mikroglia si lazima ziwe ndizo zinazouanzisha, zinauharakisha. Sasa wewe mwenye duka unataka kumwamshia nani nani?

Na msifikiri basi dawa ni kuzilaza tu. Hilo nalo lilijaribiwa Marekani kwa minosaiklini, antibayotiki iliyokuwa imewasaidia panya kwa kutuliza mikroglia. Wagonjwa 412 walishiriki, matokeo yakatoka 2007: waliomeza dawa walidhoofika haraka kuliko waliopewa vidonge vitupu, kwa kiasi cha asilimia 25. Seli zinazolinda na kuumiza ni zile zile, na saa ya kugeuka haijulikani kwa kutazama lebo ya kopo.

Riluzoli, dawa ya ALS anayotumia mdogo wangu kwa cheti cha daktari, ilipitishwa Marekani mwaka 1995. Kwenye majaribio iliongeza uhai kwa miezi miwili mitatu hivi. Ni kidogo, najua, lakini daktari alitutajia hivyo hivyo bila kupamba, akaagiza na vipimo vya ini. Kopo hili limeandikwa "matokeo ya uhakika".

Huduma kwa mteja? Mtoto aliwauliza kwa WhatsApp kuhusu kupaliwa na uchungu. Jibu: "Ndugu mteja, dawa inafanya kazi, malizia kopo la pili." Nikachukua simu mimi, nikauliza wanaamsha seli gani, na kwa njia ipi. Tiki mbili za buluu, kimya.

Kwa wenye mgonjwa kama wetu: hizo 170,000 zingetosha mtaalamu wa kumeza, unga wa kuzidishia vinywaji uzito, na mto wa shingo ukabaki na chenji. Kama lazima ununue, soma mstari wa chini kabisa wa risiti: kopo likifunguliwa hela hairudi. La pili bado lina utepe wake, na linarudi Dar kwa basi la Ijumaa, nauli ya mzigo juu yao.